Mlinzi wa Asubuhi

Gari la maiti lilikuwa limeshatoka nusu, magurudumu ya mbele barabarani, ya nyuma bado uani, Inspekta Lazare Irambona alipolisimamisha kwa mkono.

"Zima injini," alimwambia dereva.

"Kaburi tumepangiwa saa tano, bwana."

"Litasubiri. Halina miguu."

Ilikuwa Lidcombe, Sydney, asubuhi ya Julai yenye baridi kali. Ndani ya jeneza alilala Nella Chepngetich, miaka ishirini na sita, mtunza wazee. Alikwenda Livingstone, Zambia, kwa likizo ya siku kumi. Usiku wa nne lori likamgonga kwenye barabara ya maporomokoni, akitembea peke yake, mahali ambapo hata wenyeji hawatembei usiku kwa hofu ya malori na tembo.

Kwa nini alitembea? Swali hilo Inspekta alikuwa nalo kwa wiki tatu.

Mama wa Nella, Mama Chepkoech, aliyemfuata bintiye Sydney baadaye akakaa mtaa wa Minto, alishusha kioo cha gari la pili.

"Mwanangu, umepata nini? Kanisani wanasema alilewa. Wananiambia pole huku wanaangaliana."

"Mama, nipe nusu saa. Hutamzika bila jibu."

Kisha akainama kumtazama aliyekaa pembeni ya mama, amemshika mkono. Wilkister Omollo, miaka thelathini na minane. Ndiye aliyempokea Nella alipotua Sydney na begi moja, akaishi naye nyumba moja, na ndiye angesoma wasifu wa marehemu makaburini.

"Dada Wilkister, njoo mara moja."

"Sasa hivi? Si ungoje tumzike kwanza, Inspekta?"

"Sasa hivi."

Waliingia chumba cha chai cha kampuni ya mazishi. Inspekta aliweka kinasa sauti mezani, karibu na sahani ya biskuti.

"Hulazimiki kujibu. Utakalosema linarekodiwa na linaweza kutumika mahakamani. Ukitaka wakili, tunasimama hapa."

"Wakili wa nini? Mimi nimefiwa."

"Basi nieleze tena habari ya mlinzi."

Wilkister alikunja glavu yake nyeusi; mwenzake ilibaki garini. Alieleza kama mtu aliyechoka kueleza. Wanawake wa kundi lao, manesi na watunza wazee, wakisafiri wanapenda kutoka kidogo usiku, kusikia muziki, kucheza. Wakajiwekea utaratibu. Glasi haitoki mkononi. Hoteli yako humtajii mtu. Na aliyekunywa haiti gari mwenyewe, maana aliyekunywa huingia gari lolote. Gari huitwa na mlinzi aliyebaki Sydney, kwani saa tano za usiku kule ni saa moja asubuhi huku, na mlinzi ana akili timamu na chai mkononi. Dereva ni mmoja, wa kuaminika. Kila usiku msafiri huchagua neno jipya, akamwambia mlinzi na dereva tu. Asiye na neno, dereva hamsikilizi.

"Na mlinzi wa Nella ulikuwa wewe."

"Mimi. Lakini usiku ule hakunipigia. Nilishakwambia. Nilikuwa nimelala, nimetoka shifti Ingleburn, kule ghalani. Labda aliona raha, akasahau utaratibu. Vijana, wewe unawajua."

"Neno la usiku ule lilikuwa lipi?"

"Nitajuaje? Hakunipigia."

Inspekta alitoa picha mfukoni. Pakiti ya sigara iliyopasuliwa, imeandikwa kwa kalamu: MURSIK.

"Unakijua hiki kitu?"

"Ni maziwa ya Wakalenjin. Ya kwenye kibuyu."

"Dereva wa Livingstone hakijui, aliandika tu alivyotajiwa na Nella. Anaitwa Mubita. Alikuwa amehamia Lusaka, polisi wa kule wamempata jana. Anasema mwanamke alimpigia saa tano kasoro kumi, kwa namba iliyofichwa. Akasema: mursik, nenda kamchukue. Akawasha gari, akaondoka. Saa tano na dakika kumi sauti ileile ikapiga tena: mursik, usiende, amepata usafiri. Akageuza gari, akarudi kulala."

Wilkister aliisukuma picha kwa kidole, ikarudi upande wa Inspekta.

"Neno hilo lilikuwa na watu watatu, dada. Mmoja yumo ndani ya sanduku pale nje. Mmoja ni Mubita. Nihesabie wa tatu."

"Labda Nella alimwambia mtu huko klabu."

"Labda. Na simu yake, ile iliyopondwa na lori, mafundi wameifungua leo alfajiri."

Akabonyeza simu yake mwenyewe. Sauti ya Nella ikajaa chumba, nyuma yake ngoma na vicheko.

"Dada Wilki, asante kwa gari. Nimekunywa glasi mbili tu, niko sawa, usinigombeze. Sikia, kabla gari halijafika... ile barua ya kazini niliandika mimi. Nilimkuta mzee sakafuni, nikaogopa. Nimeibeba mwaka mzima. Nikirudi utanipiga makofi halafu utanisamehe, eh? Nakupenda, dada yangu."

Wilkister alitazama biskuti.

"Hiyo ni saa tano kasoro dakika mbili," alisema Inspekta. "Dakika kumi na mbili baadaye ukamrudisha dereva. Kisha ukamwandikia Nella: subiri nje, yuko njiani. Akasubiri dakika arobaini. Klabu ikafungwa. Akakupigia mara sita, hukupokea, akaondoka kwa miguu. Ulikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Unafanya nini?"

"Nakaanga mayai." Alisema polepole. "Simu ilikuwa pale juu ya friji. Ilikuwa inatembea yenyewe kwa kutetemeka. Nikaiangalia tu."

"Ulitaka afe?"

"Hapana! Nilitaka asimame. Asimame gizani aogope saa moja, aone vile mtu anavyoachwa. Mimi nilikuwa nesi miaka kumi na mmoja, Inspekta. Barua moja isiyo na jina, leseni ikaenda, nikaishia kufunga maboksi. Na mwaka mzima yeye ananipikia, ananiambia pole dada, Mungu yupo!"

"Ulilala kazini. Mzee akaanguka."

"Nililala, ndiyo. Sasa uliza ile shifti ilikuwa ya nani." Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Ilikuwa yake. Alikuwa na mtihani, nikamshikia. Ya tatu mfululizo. Nimelala kwenye shifti yake, akaja asubuhi kunishtaki."

Inspekta alizima kinasa sauti. Nje, dereva wa gari la maiti alikuwa anavuta sigara. Inspekta alimwendea Mama Chepkoech, akachuchumaa kando ya mlango.

"Hakulewa, Mama. Daktari amepima damu, imeandikwa. Alifuata kila kitu. Gari lilirudishwa."

"Na nani?"

Inspekta aligeuza macho kuelekea chumba cha chai. Mama alitazama kiti kitupu kando yake, na glavu moja nyeusi iliyoanguka hapo. Akaiokota, akaishusha dirishani hadi chini, akapandisha kioo.

Nella alizikwa saa sita na robo. Wasifu ulisomwa na mchungaji.

Wilkister Omollo alifungwa miezi kumi na minne kwa kuwadanganya polisi na kuficha ushahidi. Kwa kifo chenyewe hakushtakiwa. Mawakili hawakukubaliana kilikuwa chini ya sheria ya nchi gani. Siku hizi yuko Adelaide, anapiga pasi mashuka ya hoteli. Dereva wa lori alifungwa miaka mitatu Zambia kwa kutosimama. Mubita habebi tena abiria wa kuagizwa kutoka ng'ambo. Mama Chepkoech alisimama kanisani akasoma kipimo cha damu cha mwanawe mbele ya watu wote, kisha akahamia kanisa jingine. Inspekta Irambona bado yuko kazini. Wanawake wale wanasafiri bado, na usiku wanatoka bado, lakini gari kila mtu anajiitia mwenyewe.

Yule mzee aliyeanguka alipona. Hakuna aliyemwambia kitu.