Unga wa Sufyan, Kitambulisho cha Bi Mwanakuu

Zamani mahamri ya Bi Mwanakuu yalikuwa yakifura sana. Watu wa Mji wa Kale walisema ukifunua kawa bila hadhari, yataruka yatue juu ya paa la jirani. Paka mmoja aliwahi kulalia hamri usiku kucha, akidhani ni mto.

Kisha hali ikawa ngumu. Unga ukapanda. Sukari ikapanda. Mafuta ndiyo usiseme. Mahamri yakaanza kupungua kimo. Mzee mmoja alitia hamri kinywani, akatafuna, kisha akauliza, "Bibi, hamri langu liko wapi?"

"Umelila, babu."

"Nimelila saa ngapi?"

Bi Mwanakuu alicheka, lakini moyoni hakucheka. Kwa miaka kumi na tisa alikaanga mahamri kwenye kona ile ile. Kona hiyo ilimsomeshea watoto. Sasa nusu nzima ya mahamri ilibaki kwenye sinia kila siku.

Ng'ambo ya kichochoro alikaa Kasyoka, aliyekuja kutoka bara. Watu walimwita Mama Tony. Mumewe, Musyoka, alikuwa kuli bandarini. Kazi ilipopungua, akaachishwa. Ndipo Kasyoka akaanza kuuza chapati. Na kila siku, ikifika saa tatu asubuhi, beseni lake lilikuwa limefunikwa. Alijifunga leso, akaondoka.

"Zimekwisha," Bi Mwanakuu alijiambia. "Wateja wangu wote wanaingia beseni lile."

"Sabalkheri, Bi Mwanakuu," Kasyoka alimwamkia asubuhi moja.

Bi Mwanakuu aligeuza uso, akawa kama anayezungumza na karai lake. Kwa mtu wa Mji wa Kale, kutoitika salamu ni jambo zito. Hata yeye mwenyewe ilimchoma.

Wiki hiyo alikuja Sufyan. Kanzu yake ilinyooka kwa pasi, na udi wake ulifika kabla yake. Alikuwa akimtafutia kura mwanasiasa mmoja.

"Asalaam aleikum, mama yangu. Biashara vipi?"

"Waaleikum salaam. Biashara gani, mwanangu? Hata nzi wamehama."

Sufyan aliinama akanong'ona. "Wateja wako wameibiwa na wageni. Mheshimiwa wangu akipata kiti, atawaondoa wote. Kona hii itabaki yako peke yako."

Akatoa pakiti ya unga na chupa ya mafuta. "Hii zawadi yako. Nipe kitambulisho tu nikuandike. Nitakurudishia baada ya uchaguzi."

"Baada ya uchaguzi? Si miezi minne hiyo?"

"Kwani wasafiri, mama?"

Bi Mwanakuu aliutazama unga. Nyumbani debe lilikuwa tupu. Akafungua fundo la leso yake, akatoa kitambulisho.

Unga ulikaa siku mbili. Siku ya tatu ukaisha. Kitambulisho hakikurudi.

Jumanne alipita Mwalimu Everlyne, anayefundisha watu wazima kusoma. Kila asubuhi hununua mahamri mawili.

"Bi Mwanakuu, umesikia? Ijumaa watu wa kaunti wanaandikisha wauzaji wa barabarani. Kila mtu aje na kitambulisho chake. Asiye nacho, nafasi yake atapewa mwingine."

Kijiti cha kugeuzia mahamri kilimponyoka Bi Mwanakuu, kikaingia kwenye mafuta.

"Nini, bibi?"

Akasimulia yote: unga, mafuta, na kitambulisho. Mwisho akanyoosha kidole ng'ambo. "Na yote ni kwa sababu ya yule! Amenimalizia wateja."

Mwalimu Everlyne alivuta kigoda akaketi. "Haya. Nitajie wateja wako aliokuibia."

"Wa kwanza ni Kombe, fundi wa nguo wa Biashara Street."

"Kombe hana nguo za kushona. Amefunga cherehani, amerudi kwao." Mwalimu akatoa hamri moja kwenye sinia, akaliweka kando. "Mwingine?"

"Makuli wale wawili."

"Waliachishwa kazi siku ile ile aliyoachishwa Musyoka." Akatoa mahamri mengine mawili.

"Yule Beryl wa ofisi ya Ganjoni."

"Mshahara wake unachelewa. Siku hizi anakunywa chai kavu."

Mahamri yalizidi kuhamia kando. Sinia likabaki na kipara katikati. Hakuna hata moja lililoelekea kwa Kasyoka.

"Umeona?" Mwalimu alisema kwa upole. "Uchumi ukianguka, huanguka kama nguo zilizoanikwa kamba moja. Mizigo ikipungua, kuli anakosa kazi. Kuli hashonishi nguo. Fundi naye hali mahamri. Nawe ukikosa kuuza, hununui unga mwingi, na mwenye duka naye analia. Hakuna aliyekuibia. Mmeanguka pamoja."

"Na beseni lake? Mbona huisha saa tatu?"

"Swali zuri. Tumuulize mwenyewe. Mama Tony! Hebu njoo!"

Kasyoka alikuja akijifuta mikono, macho chini.

Bi Mwanakuu alikohoa. "Zile chapati wamuuzia nani, hata zikaisha mapema hivyo?"

Kasyoka alicheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Haziishi, Bi. Nabeba nyumbani. Tunakula chapati asubuhi, mchana na jioni. Wiki ya tatu sasa. Watoto wa wenzangu wanalilia chapati. Binti yangu Ashley akiiona, anakimbia."

"Wallahi?" Bi Mwanakuu alishika kiuno. "Kwangu ni mahamri! Jana mjukuu wangu ameniuliza kama ugali umekufa."

Wakacheka wote watatu. Kisha Bi Mwanakuu akauliza, "Sasa mbona waondoka mapema?"

"Naogopa. Kuna mtu aliniambia nyinyi wenyeji mnataka kunifukuza. Akasema nimpe kitambulisho, mheshimiwa wake atanilinda."

"Mtu gani?"

"Ana kanzu safi. Ananukia udi."

Bi Mwanakuu akamsogelea.

"Alikupa unga?" Bi Mwanakuu aliuliza.

"Pakiti moja."

"Na mafuta?"

"Mafuta hakunipa."

Bi Mwanakuu alijiona bora kidogo. Papo hapo akaona haya.

"Ugonjwa wa kwanza ni uchumi. Huu ndio wa pili," Mwalimu alisema. "Watu wakiwa na njaa huwa na hasira, na hasira hutafuta wa kulaumiwa. Hapo huja mtu na jina la jirani yako mkononi. Kwako anasema hili, kwa mwenzako lile. Kisha anawanunua nyote kwa unga. Siku ya kura utampigiaje kura mtu wako bila kitambulisho? Na wa kwake akishindwa kazi, utamuuliza nini, nawe umekwisha kula unga wake? Tena sheria inakataza mtu kushika kitambulisho cha mwenzake."

Kesho yake wote watatu walikwenda kwa Sufyan, kwenye chumba chake nyuma ya Biashara Street. Bi Mwanakuu alibeba karai. Kasyoka alibeba jiko.

"Baada ya uchaguzi, mama zangu," Sufyan alisema. "Si tulikubaliana?"

"Haya. Tutangojea hapa mlangoni," Bi Mwanakuu alijibu. Akawasha jiko. Mafuta yalipochemka, akatia pilipili kavu konzi nzima.

Moshi uliingia ndani. Sufyan alipiga chafya. Maduka yote yalipiga chafya. Mpaka leo watu huapa kwamba siku hiyo hata ndege wa kule mbali Kibarani walipiga chafya.

"Twendeni polisi tuandikishe ripoti," Mwalimu Everlyne alisema, "au vitambulisho vitoke sasa hivi."

Sufyan alitoka machozi yakimtiririka, na mkebe wa biskuti mkononi. "Chukueni vyenu viwili! Zimeni moto!"

Kasyoka alinyoosha mkono. Bi Mwanakuu akamzuia.

"Mkebe wote, mwanangu."

Ulikuwa na vitambulisho arubaini na vitatu. Kufika jioni, kila kimoja kilikuwa kwa mwenyewe.

Ijumaa Bi Mwanakuu na Kasyoka waliandikishwa mmoja nyuma ya mwenzake. Hali ya nchi haikugeuka siku hiyo. Unga ulibaki ghali. Lakini sasa walitumia jiko moja, na makaa yakapungua nusu. Waliuza mahamri na chapati pamoja, kwa mbaazi za nazi. Kilichobaki walibadilishana: Ashley akala mahamri, mjukuu akala chapati. Na mheshimiwa alipokuja na gari la vipaza sauti, Kasyoka alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. "Vijana wetu wa bandarini watapata kazi gani, na lini?" Bi Mwanakuu alikuwa wa pili. Hakuna aliyeomba unga.

Asubuhi moja udi ulifika konani, kisha Sufyan. Alikula mahamri manne na mbaazi, akajifuta midomo.

"Mama yangu, leo sina pesa ndogo. Nitakuletea kesho."

"Hakuna neno, mwanangu," Bi Mwanakuu alisema, akamfungulia kiganja. "Niachie kitambulisho tu."

Sufyan alipapasa mifuko. Pesa ndogo zikapatikana.