Kizibo Kilichobaki Kwenye Aproni

Boti iliposhuka ziwani siku ile, ilibeba watu watatu, na mmoja tu kati yao ndiye aliyejua kwamba nyuma, chini ya sakafu yake, kulikuwa na tundu wazi. Mtu huyo alikuwa fundi wa boti za faiba, mwanamke ambaye watu wote walimwita Gundi kwa sababu mikono yake ilinukia gundi tangu ujana. Alikaa kimya kama aliyemeza mfupa.

Yeye na mdogo wake, Nahodha, walirithi karakana na boti kwa baba yao. Walikuwa chanda na pete. Kila walipotaka kushusha boti, Nahodha aliuliza, "Kizibo?" na Gundi, akishakikaza kwa mkono wake, alijibu, "Kipo." Ni kitu kidogo tu cha mpira, unene wa kidole gumba, cha kuziba tundu la kutolea maji boti ikiwa nchi kavu.

Kisha Nahodha akaoa. Mkewe alikuwa mshonaji wa nguo, mcheshi, mwepesi wa kushika mambo. Kufumba na kufumbua akawa anawasha mashine, anashika usukani, anakalia kiti cha mbele ambacho Gundi alikihesabu kuwa chake. Majirani wakasema, "Wifi yako dhahabu!" Gundi akawachekea kwa meno tu. Rohoni palikuwa na kitu kinachomkwaruza mchana na usiku.

Asubuhi hiyo Gundi alikuwa ametoka kuiosha boti, na kizibo kilikuwa mfukoni mwa aproni yake. Alikuwa njiani kwenda kukirudisha. Nahodha naye alikuwa anarudisha trela nyuma kwa pupa, maana kulikuwa na mtambo wa kusaga nafaka wa kupeleka ng'ambo na wingu lilikuwa limeanza kutunga.

"Kizibo?" akauliza bila kugeuka.

Alikuwa anamuuliza mkewe. Mkewe, aliyekuwa ametoka kukaza kifuniko cha tangi la mafuta, akajibu kwa furaha, "Kipo, mume wangu!"

Gundi akasimama pale pale. Hata swali lile nalo limechukuliwa! Akakibana kizibo kiganjani. Haya, akawaza, maji yawaingie hapa hapa mbele za watu, wachekwe kidogo, halafu waje kunitafuta. Akarudi karakanani, akavua aproni, akaitundika msumarini pamoja na kizibo chake.

"Dada!" Nahodha akaita. "Njoo utusaidie kushusha mtambo kule. Fanya upesi!"

Akapanda, akijua boti haitafika mbali. Lakini Nahodha alitazama wingu, akaifungulia mashine hapo hapo, na boti ikainua pua na kuruka juu ya maji. Ndipo Gundi alipoingiwa na baridi. Boti ikikimbia hivyo, maji hunyonywa nje kwa tundu lile lile. Ikisimama, hurudi yote.

Sema, alijiambia. Sema sasa. Lakini mbele yake wifi yake alikuwa ameweka mkono begani kwa Nahodha, naye Nahodha alikuwa anamwonyesha namna ya kukata wimbi kwa ubavu, kama baba yao alivyowafundisha wao wawili. Mwanamke akacheka. Gundi akafumba mdomo, na nchi kavu ikawa mstari mwembamba nyuma yao.

Upepo uliwapiga katikati ya ziwa. Wimbi la kwanza liliwalowesha. La pili lilikata kamba ya mtambo. Chuma kile kikateleza kama ng'ombe aliyekatika kamba, kikamgonga Nahodha kichwani. Akaanguka, damu ikitiririka sikioni. Mkewe akapiga yowe, akazima mashine, akapiga magoti kando yake.

Boti ikasimama. Nyuma ya miguu ya Gundi, maji yakaanza kuchemka kutoka chini ya sakafu.

"Usizime! Washa!" Gundi akapiga kelele.

Wifi yake akajaribu mara kadhaa. Mashine ilikohoa, ikanyamaza. Nyuma ya boti ilikuwa imekwisha kuzama mno.

"Mtambo!" Gundi akasema. "Tuutupe!"

Wakausukuma kwa mabega na kwa miguu, wakiteleza, hadi ukatumbukia. Boti ikainuka kidogo. Gundi akang'oa ubao wa sakafu, akalala kifudifudi, maji yakimfika kidevuni, akalipapasa tundu na kutia kidole. Ukingo wa tundu ulikuwa na makali; yeye mwenyewe alikuwa ameahirisha kuupiga msasa. Kila boti ilipopanda na kushuka, faiba ilimla nyama.

"Chota maji, wifi! Tumia lile dumu!"

Wifi yake akalikata dumu mdomo kwa kisu, akachota. Alichota bila kulia, akimwaga na kuinama, akimwaga na kuinama, na katikati alimgeukia mumewe aliyekuwa ameegemezwa ubavuni mwa boti.

"Mke wangu," Nahodha aliita kwa sauti ya mlevi. "Mke wangu yuko wapi?"

"Nipo hapa."

Hakumuuliza dada yake. Gundi, kidole kikikatwa, pua ikiingia maji, alilisikia hilo na likamuuma kuliko kidole. Hata hapa, aliwaza. Hata tukifa. Kisha akajionea aibu, kwa maana aliyekuwa anawaua alikuwa yeye.

"Kidole kimekufa ganzi," akasema. "Leta kasia na kisu. Chonga ncha. Nyembamba mbele, nene nyuma, kama karoti."

Wifi yake akachonga. Kipande cha kwanza kikapwaya, maji yakapita pembeni. Akatazama pindo la gauni lake, akalikata mshazari.

"Kitambaa kikikatwa hivi hunyumbuka," akasema, akikizungushia kile kijiti kwa kukikaza. "Kitajaa. Toa kidole nikikuambia. Sasa!"

Gundi akachomoa kidole, akapachika, akagonga kwa spana. Maji yakapungua, yakawa machozi, yakakauka. Wote wawili wakaketi wakihema.

"Ni mimi," wifi yake akasema. "Aliniuliza kizibo, nikadhani ni kile cha mafuta. Ni mimi niliyetuangamiza, wifi."

Njia ilikuwa wazi. Gundi angeweza kumpigapiga mgongoni na kusema, "Usijali, unajifunza," na kiti cha mbele kingerudi kwake bila jasho. Akafungua mdomo.

"Shika kasia," akasema. "Nchi kavu iko upande wa ule moshi."

Dhoruba ilikuwa imepita, na mbali ulionekana moshi wa tanuri la matofali. Walipiga kasia kwa zamu, mmoja kwa kasia lililokatwa, mwingine kwa ubao wa sakafu. Kila Nahodha alipotaka kusinzia mkewe alimfinya.

"Unataka kuniacha mjane na wifi huyu mkali?"

Nahodha akacheka kidogo. Gundi naye nusura acheke.

Jua lilikuwa limeinama walipokwama kwenye mchanga. Wachimba mchanga wakaacha sepetu zao, wakaja mbio hadi majini, wakambeba Nahodha na kumlaza kivulini. Mmoja akakimbilia gari. Nahodha akafumbua macho, safari hii yakiwa na akili ndani yake.

"Nani aliniambia kizibo kipo?"

"Mimi," mkewe akasema. Alikuwa amepiga magoti, anamfunga Gundi kidole kwa kilichobaki cha pindo la gauni.

"Hakujua," Gundi akasema. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Mimi nilijua. Kilikuwa mfukoni mwangu. Nilisikia, nikanyamaza, kwa sababu hukuniuliza mimi."

Nahodha alimtazama dada yake, kisha akageuzia uso upande wa maji. Wifi yake akaachia kitambaa kikaning'inia, akainuka, akaenda kusimama peke yake ukingoni, mikono kiunoni. Gundi hakumfuata wala hakujitetea. Damu ilidondoka mchangani, tone baada ya tone.

Sauti ya gari ikasikika kutoka barabarani. Ndipo yule mwanamke aliporudi, uso umelowa, akapiga magoti tena, akaokota ncha ya kitambaa. Akazungusha, akazungusha, akafunga fundo, akalikaza hadi machozi yakamtoka Gundi.

Hakulilegeza.

"Simama," akasema. "Mshike miguu, mimi nitashika mabega."