Banda Lenye Ubaridi

Jumanne ya tarehe tisa Novemba 2083, saa tano asubuhi, ugo wa Mzee Ndahani ulimkataa mwenyewe.

Haukuwa ugo wa miti wala wa waya. Ulikuwa ugo-macho: nguzo nne fupi kuzunguka banda la mbwa nyuma ya nyumba, na kati yake hakuna kitu ila upepo mzito, unaosukuma kama kiganja cha mtu. Ugo-macho ulipima migongo. Aliyesimama wima alikuwa mtu, akapita. Mwenye mgongo uliolala, viungo vinne chini, alikuwa mbwa, akarudishwa. Ndivyo walivyoupanga wakubwa wa jiji la Itumba, watu wa kukaa kwenye viyoyozi, ambao hawajawahi kumwona mzee aliyeteguka kiuno.

Ndahani aliingia kuwamwagia mbwa wake maji. Akateleza, kiuno kikalia ka, na kusimama hakuweza tena. Akatambaa kwa mikono na magoti hadi getini, kati ya nguzo mbili za mbele. Upepo ukamsukuma kifuani.

"Rudi, mzuri," ugo ukasema kwa sauti laini ya kike. "Rudi kivulini, jua kali."

"Mimi siyo mbwa, mwanaharamu wewe!"

"Mzuri. Usibweke."

Komesha na Tajiri, mbwa wake wawili, wakamlamba masikio kwa furaha ya kumpata mwenzao.

Nyalusi, jirani yake Mhehe, kabila ambalo watani hulizulia kula mbwa, akatokea na kikombe cha chai. Alicheka mpaka chai ikamwagika. "Mtani! Umenionea huruma ukajifungia bandani mwenyewe? Na mvi hizo, hata supu hutoi!"

"Acha ujinga, njoo uninyanyue."

"Niingie kwa Tajiri? Makalio yangu bado nayahitaji." Akapiga simu Idara ya Wanyama. Mashine ikamjibu kwa adabu kwamba mbwa hafunguliwi mpaka mwenye mbwa asimame getini.

"Mwenye mbwa ndiye huyo mbwa!" Nyalusi akafoka. Simu ikakatika. "Basi namwita binti yako Perusi. Mbwa wanamjua."

"Usimwite mwanangu! Heri nilale humuhumu."

Nyalusi alidhani mzee anaona haya kuonwa kapiga magoti. Akapiga simu.

Haya ilikuwepo, ila siyo hiyo. Mwaka uliopita wakubwa walitunga sheria: kila mbwa apate banda lisilozidi nyuzijoto thelathini, la sivyo faini, na mbwa wachukuliwe. Wakagawa na mabati-baridi, mabati meupe yanayolinyonya joto la jua na kulizamisha ardhini kwa waya. Fungu moja kila boma, mwenye boma aezeke anapotaka, na fungu lilitosha paa moja tu. Wakaguzi wa mabanda walipita kila wiki na vipimo vyao. Mkaguzi wa majiko hakuwepo. Ndahani akaezeka banda la mbwa, kisha akayapaka mabati yale rangi ya kutu, majirani wasimseme.

Mwezi wa kumi mwaka huu mkewe, Mama Perusi, akaanguka jikoni chini ya bati la kawaida, mwiko mkononi. Daktari akasema ni joto. Msibani Ndahani alisimama mbele ya watu akawalaani wakubwa: wamemnyima mabati, wamemuulia mke. Watu waliitikia. Tangu siku hiyo Perusi hakutulia. Alizunguka ofisi za wakubwa akidai haki ya mama yake, akiitwa mwongo na makarani, akirudi kesho yake.

Kwa nje banda lilikuwa banda tu. Ila mtu akiingia chini yake, ngozi ilimwambia.

Pikipiki ya Perusi iliposikika, Ndahani akajikokota kutoka kivulini. Alitaka afike pembe ya mbali, palepale juani, binti amnyanyue hukohuko, asifike bandani. Mchanga ulimchoma viganja. Akauma meno, akaenda.

"Una joto sana, mzuri," ugo ukasema kwa huruma. Upepo ukamkumba ubavuni, ukamsogeza taratibu, kama mama anayemrudisha mtoto kwenye mkeka, mpaka chini ya paa.

"Niache niungue!" Ndahani akalia. "Niache!"

"Baba!" Perusi alipita getini akikimbia, mbwa wakimrukia. Akainama, akaingia, akampitishia mikono kwapani. Halafu akatulia hivyohivyo. Jasho la usoni lilikuwa likimkauka.

Akamwachia baba yake polepole. Akainua kichwa. Akakwangua paa kwa ukucha, kutu ikabanduka, chini yake kukawa kweupe.

Nje, Nyalusi alikuwa ameacha kucheka.

"Hawa wakubwa, mwanangu," Ndahani akaanza, uso chini, "wao ndio waliotunga sheria ya mbwa. Wangetunga na ya..."

Perusi alikaa chini kati ya mbwa, mgongo ukutani. Aliupokea ule ubaridi kama mtu anayeonjeshwa chakula kigeni.

"Baba," akasema, "mama aliwahi kukaa humu, hata mara moja?"