Vumbi la Chini ya Kitanda

Kila alasiri, kengele ya mwisho ikilia, Maswali alimpitia mdogo wake katika shule ya chekechea, kisha wakafuatana hadi chuo kikuu alikofanya kazi shangazi yao. Jina halisi la msichana huyu lilijulikana kwa walimu tu. Nyumbani aliitwa Maswali, kwa sababu hakupitisha jambo bila kuuliza kwa nini. Mdogo wake aliitwa Mkia, maana alipo dada yake naye yupo nyuma. Mama alifanya kazi kiwandani hadi jioni, na baba alikuwa fundi wa betri za magari, kwa hiyo watoto waliwasubiri kwa shangazi.

Shangazi alikuwa daktari, ila si wa sindano. "Mimi ni daktari wa mawe," alipenda kusema. Alikuwa amemaliza shahada ya uzamivu, na sasa alikuwa mtafiti katika maabara. Aliyapiga mawe, udongo na vipande vya chuma kwa mwanga mkali wa leza. Palipopigwa palitoka cheche ndogo ya buluu, ikalia ta! kama chumvi iliyotupwa motoni. Mashine iliugawa mwanga wa cheche ile, na kompyuta ikachora mistari.

"Kila kitu kina mistari yake," alieleza shangazi, "kama wewe ulivyo na alama zako za vidole. Chuma hakiwezi kujifanya shaba hapa."

Lakini siku hizo Mkia hakufuata mtu tena. Alibebwa. Tumbo lilimuuma, chakula alikisukuma kando, na maneno aliyokwisha kuyajua yakaanza kumpotea. Zahanati walimpa dawa ya minyoo, kisha wakampa tena ileile. Mama alilia chumbani akidhani hasikiki. Baba alileta matunda ambayo mtoto hakuyagusa, akabaki ameyashika tu.

"Shangazi, si wewe ni daktari? Mtibu basi," Maswali alimwambia.

Shangazi alimtazama Mkia aliyejilaza kwenye benchi la chumba cha nje. "Laiti ningeweza, mwanangu," alijibu. "Haya yote niliyosoma hayashushi hata homa."

Wiki hiyo mwalimu wa sayansi aliwaagiza wanafunzi wachunguze kitu cha nyumbani na kueleza kimeundwa na nini. Maswali alijua wenzake wangeleta sabuni na chumvi. Yeye akafagia vumbi chini ya kitanda alicholala na Mkia, akalifunga katika karatasi, akalipeleka maabara.

"Vumbi!" shangazi alicheka. "Haya, tulione hilo vumbi lako." Akalishindilia mpaka likawa kidonge kigumu. Akamvalisha Maswali miwani mizito ya kukinga macho, naye akavaa yake.

Ta! Mistari ikajipanga kwenye kompyuta. Shangazi alianza kuitaja kwa furaha: huu wa chokaa, huu wa chuma, huu wa mchanga. Kisha akauinamia mstari mmoja. Akafuta lenzi, akageuza kidonge upande wa pili, akapiga tena. Akapiga mara nyingine.

"Kuna nini, shangazi?"

"Risasi."

Maswali aliruka kutoka kwenye kiti. "Nani kapiga risasi nyumbani kwetu?"

"Si ya bunduki, mwanangu. Risasi ni madini. Ndiyo yaliyomo ndani ya betri za magari. Vumbi lake likimwingia mtoto ni sumu." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hebu niambie, baba yenu akirudi kazini, ovaroli yake huitundika wapi?"

"Chumbani kwetu. Nyuma ya mlango."

Jioni ileile shangazi alifika nyumbani. Baba alikuwa ameketi sebuleni na nguo za kazi, Mkia kasinzia mapajani mwake.

"Kaka, kesho mtoto apelekwe hospitali kubwa apimwe risasi kwenye damu," shangazi alisema, akaeleza alichokiona.

"Nimeyeyusha risasi tangu ujanani," baba alijibu kwa hasira. "Mbona mimi sijafa?"

"Wewe ni mtu mzima. Huyu mwili wake bado unajengwa. Kinachokupita wewe, yeye kinamkaa."

"Unataka niache kazi? Tule nini?"

"Sijui, kaka. Kweli sijui. Mashine yangu inaonyesha tu. Haiondoi kitu."

Baba alitazama mikono yake iliyozunguka kifua cha mtoto. Alitaka kuiondoa, akaogopa kumwamsha. Akaendelea kukaa vile, hajui aiweke wapi.

Majibu ya damu yalipotoka, hakukuwa na ubishi tena. Maswali, aliyekuwa mkubwa, alikutwa na kidogo tu; Mkia alilazwa akapewa dawa. Maswali alishinda kando ya kitanda chake, hana la kufanya ila kumpungia nzi. Daktari wa watoto alisema dawa pekee haitoshi, kwanza sumu iondoke nyumbani. Mama na shangazi wakapiga deki kila pembe kwa kitambaa chenye maji, wakatupa godoro. Baba aliacha kuyeyusha risasi, akabaki kuchaji betri na kuzibadilisha. Ovaroli ikawa inalala karakana, na hakuondoka huko kabla ya kuoga. Mapato yalipungua, lakini waliishi.

Miezi ilipita. Damu ikapimwa tena, na tena, na kila mara sumu ilikuwa imeshuka. Mkia akaanza kucheza. Hata hivyo daktari aliwaambia bila kuficha kwamba huenda atachelewa kidogo darasani, na kwamba hilo hakuna ajuaye kulirekebisha.

Siku hiyo, nje ya hospitali, Maswali alimwuliza baba yake, "Baba, kwani kosa ni la nani?"

Baba alimgeukia. "Sumu hii haina harufu wala ladha, mwanangu, ndiyo maana sikuijua. Hilo si kosa. Kosa langu ni kwamba nilipoambiwa, nilijibu nimezoea. Kuzoea si kinga. Ukiambiwa kuna hatari, kapime kwanza, ndipo ubishe. Na mtu akitoka kwenye kazi ya vumbi na moshi, anawe na abadili nguo kabla hajamshika mtoto."

Kutoka hospitali hakwenda nyumbani. Alipita kwa mafundi wenzake, akasimama katikati ya betri zilizopasuliwa, akawasimulia yaliyompata mwanawe. Wakamcheka. Mmoja akasema amekuwa profesa siku hizi. Baba akaendelea kueleza mpaka mwisho.

Asubuhi yake, yuleyule aliyemwita profesa alibisha hodi mlangoni kwao, binti yake mdogo mgongoni. Akauliza hospitali hiyo iko wapi.