Jumamosi za Ngombezi

Umeme ulikatika Korogwe saa sita kasoro, Jumanne, wakati duka la Jignesh pale karibu na stendi limejaa watu wa kutoa kopi. Walikuwepo wanafunzi na vyeti vyao, mwalimu wa Makuyuni na mitihani ya darasa la saba, na mama mmoja aliyekuja na hati ya kiwanja ameikunja kwenye kanga. Jignesh aliwaomba wavumilie, jenereta lake lilikuwa na maringo. Nje, mvua ya vuli ilianza, ile nyepesi isiyo na haraka, na harufu ya vumbi lililolowa ikaingia hadi nyuma ya kaunta.

Kwenye kaunta alisimama msichana aliyevaa sketi ndefu ya bluu na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi sawasawa. Hakuwa na hereni wala mkufu, na hakuvihitaji. Mbele yake palikuwa na madaftari makubwa kumi na moja, yamefungwa kwa kamba ya katani. Kijana aliyekuwa nyuma yake, mwenye shati la kaki na udongo mwekundu wa Handeni kwenye viatu, alichungulia begani kwake bila adabu yoyote.

"Samahani dada, hizo ni namba za nini?"

"Mvua."

"Ya wapi?"

"Ngombezi, kule shamba la mkonge. Marehemu baba alikuwa akiipima kila asubuhi saa tatu. Miaka thelathini na moja. Sasa naipima mimi."

Kijana alikalia boksi la karatasi bila kukaribishwa. "Thelathini na moja! Dada, sisi Handeni tuna miaka tisa tu, na ndani ya hiyo kuna miwili imeliwa na mchwa."

"Poleni. Mimi mchwa wangu nawamwagia mafuta ya taa."

Alicheka, na msichana akacheka, na hapo mambo yalikuwa yameshaanza ingawa hakuna aliyejua. Jina lake kijana ni Valerian, wa ofisi ya maliasili. Alikuwa amepewa kazi ya kutafuta rekodi za mvua za zamani, azichambue, aiambie halmashauri ni lini wafugaji waingize ng'ombe kwenye malisho yaliyotengwa, na lini miche ipandwe kwenye vilima vilivyomalizwa na mkaa. Miaka miwili mfululizo walipanda kwa kutegemea ile miaka yao tisa, na miche yote ikakauka. Aliyaeleza haya kwa mikono miwili na macho yanayong'aa. Msichana mwenyewe, Edna, karani wa shamba, ambaye kwa miaka minne aliandika namba zisizosomwa na mtu, alijikuta anataka aendelee tu kuzungumza.

"Handeni, Handeni, tunaondoka!" sauti iliita kutoka stendi.

"Gari lako hilo," Edna alisema.

"Lipo lingine."

"Mpaka saa kumi."

"Mimi sina haraka. Wewe je?"

Kuanzia siku hiyo simu ya Edna ililia kila asubuhi saa tatu na dakika tano.

"Ngapi leo, mama mvua?"

"Saba nukta nne."

"Na wewe umeamkaje?"

"Nimeamka salama. Hiyo nayo unaiingiza kwenye kompyuta?"

"Naiingiza kwanza, mpenzi. Mvua inafuata."

Jumapili, akitoka misa, Valerian alipanda gari kwenda Korogwe. Walinunua machungwa stendi, wakatembea taratibu hadi daraja la mto Pangani, wakaegemea chuma na kuyatazama maji ya rangi ya chai ya maziwa. Siku nyingine walipita katikati ya mistari ya mkonge, ukungu wa milima ya Usambara ukiwa bado chini, na kila walipogeuka mistari ilinyooka upya mbele yao. Edna alivaa gauni la kitenge la kijani. Valerian alimwambia kwamba hajawahi kuona mtu anayependeza namna ile akiwa amevaa raba zenye tope. Kwenye simu yake alibeba picha za kurasa zote za mzee Habakuki, baba yake Edna, zenye mwandiko ulionyooka kama mtu aliyesimama mbele ya bendera.

"Namba za baba zitatumika kweli?" Edna alimwuliza.

"Zitaamua miche ipandwe lini. Wilaya nzima."

Baba yake Edna alikufa akiamini kwamba yale madaftari yangekuja kumfaa mtu. Wafanyakazi wenzake walimtania kwamba anahesabu matone. Binti yake hakutaka kitu kingine duniani zaidi ya kuona yamemfaa mtu, na sasa mtu mwenyewe alikuwa amemshika mkono.

Kulikuwa na jambo moja tu. Jumamosi, simu ya Edna haikupatikana. Juma la kwanza Valerian alilaumu mtandao, la pili chaji. Alipouliza, Edna alisema, "Jumamosi niache tu, nina mambo yangu," akabadilisha mazungumzo. Ukweli ni kwamba Edna ni Msabato, kama baba yake. Tangu jua linapozama Ijumaa hadi linapozama Jumamosi hafanyi kazi, na simu huizima akaiweka chini ya mto. Hakumwambia kwa sababu aliwahi kuwa na mchumba wa Mombo, Raymond, ambaye alipojua alisema hawezi kuoa mwanamke anayezima jiko Ijumaa, akaenda zake. Safari hii Edna alitaka azoeleke kwanza, ndipo aseme. Ni woga, na woga huo ulimponza.

Miezi mitatu ikapita. Siku mbili kabla ya kikao cha wadau Handeni, Valerian aliuliza kompyuta swali dogo: mvua ya Ngombezi kwa kila siku ya juma. Aliuliza tena, jibu likawa lile lile. Kwa miaka thelathini na mitano, haikuwahi kunyesha Jumamosi. Hata tone.

Mtu mwingine angepiga simu na kuuliza. Lakini Valerian alikuwa na donge lake la Jumamosi, na donge likampa jibu kabla ya akili. Baba aliandika sifuri akaenda kutembea, na binti sasa anafanya hivyohivyo, na simu anazima. Anakwenda kwa nani?

Kikao kilikuwa Jumatano. Edna alikuwa amesema hataweza kufika, kisha akaomba ruhusa kazini ili amshangaze. Aliingia polepole, amevaa gauni la bluu alilolishona kwa ajili ya siku hiyo, akakaa kiti cha nyuma kabisa. Valerian alikuwa mbele, mgongo kwa watu, akionyesha ukuta.

"Kituo cha Ngombezi tumekitoa," alisema. "Karani wake hakuwa mwaminifu. Jumamosi alikuwa anakwenda kustarehe, halafu anabuni namba. Rekodi za namna hii ni afadhali zichomwe."

Watu walicheka kidogo. Valerian aligeuka, akaliona gauni la bluu likisimama.

Alimkuta kwenye ngazi za nje.

"Edna, sikujua kama upo."

"Ungejua ungesema nini? Ungemtukana baba yangu kwa sauti ya chini?"

"Namba ndizo zinasema. Na wewe Jumamosi uko wapi? Niambie basi."

Edna alimtazama machozi yakimtoka. "Miezi mitatu unapiga simu kila siku kuuliza mvua," alisema. "Mimi hukuniuliza hata nasali wapi." Akashuka ngazi, akaenda kutafuta gari.

Valerian alibaki pale, amekereka na kujiona ana haki. Hali hiyo ilidumu mpaka kesho yake mchana, mezani kwake, chakula kikipoa, alipofungua orodha ya simu alizompigia Edna. Alikuwa anajitesa tu kama wafanyavyo walioachwa. Lakini jicho lake lilizoea safu za namba, likaona. Haipatikani Ijumaa saa moja jioni. Haipatikani Jumamosi asubuhi, mchana. Jumamosi saa moja na nusu jioni, inapatikana. Kila juma, bila kukosa hata moja. Mtu anayekwenda kwa mwanamume mwingine hafuati jua namna ile.

Alizifungua tena picha za madaftari, safari hii akazikuza. Siku kavu mzee Habakuki aliandika sifuri, ya mviringo safi. Jumamosi hakuandika sifuri. Aliweka kistari. Valerian ndiye aliyeingiza vistari vyote kama sifuri, kwa kuwa kwenye madaftari ya Handeni kistari maana yake ni hakuna mvua. Na Jumapili, namba zilikuwa kubwa kupita siku zote, kwa sababu chombo cha kukingia mvua kilikuwa na maji ya siku mbili. Mzee hakubuni chochote. Siku asiyopima alisema hakupima.

Alikimbilia kwa mkuu wake wa kazi, Bwana Mbwana.

"Mzee, Wasabato Jumamosi hawafanyi kazi, siyo?"

Mbwana alivua miwani. "Mimi Mwislamu najua hilo. Wewe chuo kikuu ulisomea nini?"

"Nimemchafua marehemu, mzee. Na nimempoteza mtoto wake."

"La mtoto sijui. La marehemu, kaandike, utie na jina lako chini. Nitalisambaza kwa wote waliokuwepo."

Aliandika kurasa mbili, na sentensi ya kwanza ilikuwa: "Kosa ni langu, si la karani." Akarudia hesabu yote, mvua za Jumapili akazigawa siku mbili. Miaka ile ilipokaa vizuri, ilionyesha kwamba vuli imekuwa ikipungua pole pole tangu zamani, na kwamba miche ilipaswa kusubiri masika, isipandwe tena vuli kama walivyozoea.

Ijumaa alasiri alifika Ngombezi kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye kope. Mama yake Edna alikuwa anaepua chakula cha kesho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa Handeni? Yuko nyuma. Usikawie, jua linakwenda."

Edna alikuwa anaanua nguo. Aliipokea ripoti, akaisoma akiwa amesimama, shuka likiwa begani. Alipofika kwenye jina la baba yake aliisoma sentensi ile kwa sauti ndogo, akakaa kwenye jiwe.

"Nimekusikia," alisema mwishowe. "Na mimi nilikuficha. Nilidhani utakimbia."

"Sikimbii. Nataka nikuoe, Edna."

Aliinua macho. Nyuma ya kiwanda cha katani jua lilikuwa limeshagusa mkonge. Ndani mama alianza kuimba wimbo wa kufungua Sabato.

"Mambo ya posa siyajibu Sabato," Edna alisema. "Utajibiwa kesho jioni."

"Edna! Saa ishirini na nne?"

"Hukusema huna haraka?"

Valerian alilala gesti Korogwe, au tuseme alilala macho, akisikiliza mvua ikipiga bati hadi alfajiri. Saa tatu asubuhi alikuwa Ngombezi, mbele ya kile chombo cha shaba nyuma ya ofisi ya shamba. Hakutumwa na mtu. Edna asingeweza kumtuma kazi siku ile. Akamimina maji kwenye kipimo, akapiga goti, akasoma, akasoma tena. Edna alipita barabarani na mama yake, gauni jeupe, Biblia mkononi, wakielekea kanisani. Alimwona amepiga goti kwenye majani yaliyolowa. Mama yake alilazimika kumvuta mkono.

Jioni, walipokwisha kufunga Sabato, Edna alitoka na daftari.

"Ngapi?"

"Kumi na nne nukta mbili."

Alimpa kalamu. Valerian akaandika kwenye safu ya Jumamosi, namba ya kwanza kuandikwa hapo tangu kituo kilipoanza. Edna aliitazama mpaka macho yakajaa.

"Baba yako angekasirika?"

"Angekwambia uwe umesoma mara mbili."

"Nimesoma mara mbili. Edna, Jumamosi nitapima mimi. Jumapili nikiwa misani, utapima wewe. Kila Jumamosi, mpaka nizeeke."

"Mchungaji wetu hatatufungisha ndoa."

"Tutafunga bomani."

"Mama atalia."

"Nitakaa naye hapa mpaka amalize."

Edna alilifunga daftari, akalikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili.

"Basi ndiyo," alisema. "Ndiyo, Valerian. Ingia ndani umwambie mama mwenyewe."