Unene wa Kidole Gumba

Kila asubuhi Handaa alitoka na ndoo kumkamua ng'ombe. Gombo, mumewe, alikwenda mtoni kuchota maji. Ndani ya hema, mama yake Gombo, Bibi Dulmaa, alichochea moto wa samadi kavu. Macho yake yalikuwa hayaoni tena, lakini mikono yake ilijua kila kitu kilipo.

Kazi hazikuwa nyingi. Baridi ya mwaka uliopita iliua kondoo wao wote. Walibaki na maksai mmoja na ng'ombe mmoja wa maziwa. Maksai ndiye aliyekuwa chakula chao mpaka nyasi zichipue.

Theluji ya kwanza ilianguka mwanzoni mwa Oktoba. Kesho yake Gombo alimchinja maksai. Alikata minofu ya kukausha, ile tunayoiita borts, akaitundika kwenye kibanda cha mbao. Bibi Dulmaa akaja kuipapasa.

"Mwanangu, hivi ni vipande au mapaja?"

"Ni vipande, mama."

"Vinene kama mkono wangu! Baba yako alikata unene wa kidole gumba."

"Baba alikuwa na maksai sita. Mimi ninaye mmoja. Nikikata vyembamba, vitakauka vibaki nyuzi. Tutakula nini?"

"Haya. Asiyeona hafundishi mwenye macho."

Gombo alifunika nyama yote kwa karatasi ya plastiki ili isipate vumbi.

Theluji ikayeyuka. Jua likawaka siku kumi na mbili. Nyama ikawa ngumu na nyeusi kwa nje. Gombo akafurahi.

"Unaona, mke wangu? Imekauka."

"Mbona inanuka?" Handaa aliuliza.

"Nyama yoyote hunuka."

Mwishoni mwa mwezi walisikia mgeni akipiga hodi nje kwa desturi ya kwao: "Mshikeni mbwa!" Alikuwa Sevjid, daktari wa mifugo, mwanamke wa maneno machache. Alikunywa chai ya maziwa na chumvi, akaomba kuona nyama. Alitoa kisu, akapasua kipande kimoja katikati. Ndani kilikuwa kibichi, rangi ya kijani, chenye utelezi. Alipasua cha pili. Alipasua cha kumi.

"Yote," alisema.

"Yote nini?" Gombo aliuliza.

"Imeoza yote. Msiile. Wala mbwa msimpe."

"Daktari, tukiichemsha sana?"

"Kuna sumu zisizoondoka kwa kuchemshwa. Mnataka kufa wote watatu kabla ya njaa kuwafikia?"

Gombo aliketi chini, kwenye tope. "Nilidhani kipande kinene ni nyama nyingi."

"Kipande kinene ni maji mengi," Sevjid alisema. "Nyama huozeshwa na maji yaliyo ndani yake. Nje ilipokuwa ngumu kama gome, maji ya ndani yakakosa njia. Plastiki nayo ikazuia upepo. Na ulichinja kabla ya baridi kutulia."

"Theluji ilikuwa imeanguka."

"Theluji ya kwanza ni mgeni. Huja, hunywa chai, huondoka."

Ardhi ilikuwa bado laini, kwa hiyo walichimba shimo. Kazi ilichukua siku nzima. Handaa alibeba vipande, Gombo akafukia. Bibi Dulmaa alisimama mlangoni akisikiliza koleo. Hakusema "nilikuambia." Gombo angependa aseme.

Kabla ya kuondoka, Sevjid aliuliza, "Nyasi kavu mlizo nazo zitamfikisha ng'ombe mwezi gani?"

"Januari," Gombo alijibu.

"Ana mimba?"

"Hana."

"Basi atakufa Februari, akiwa mifupa. Mchinjeni angali na nyama. Lakini si leo."

"Na chai?" Handaa aliuliza.

"Mtakunywa bila maziwa."

Handaa aligeuka, akatazama ukuta wa hema.

"Nipe ndoo ya kukamulia," Sevjid alimwambia. Aliijaza maji, akaiweka nje kwenye kivuli. "Itazameni kila siku adhuhuri. Barafu ikikaa siku saba mfululizo bila kuyeyuka mchana, chinjeni. Ondoeni mafuta na mifupa. Kateni unene wa kidole gumba, upana wa vidole vitatu. Vipande visigusane. Upepo upite, jua lisipige, mvuke wa sufuria usifike. Baada ya wiki tano au sita, vunjeni kimoja. Kikivunjika kama kijiti, na ndani kikiwa kikavu, tieni katika mfuko wa kitambaa."

Siku saba zilitimia katikati ya Novemba. Handaa alimkamua ng'ombe mara ya mwisho, kikombe kimoja tu, akampa mama mkwe wake. Kisha Gombo akachinja. Safari hii Bibi Dulmaa aliketi karibu naye. Kila kipande kilipita mikononi mwake kabla ya kutundikwa.

"Hiki kinene."

"Nitakipasua, mama."

Ng'ombe mzima alikauka akaingia katika mfuko mmoja. Gombo aliuinua kwa mkono mmoja.

Lakini ulitosha. Kila siku Handaa alitwanga konzi moja, akachemsha supu ya tambi ya watu watatu. Dhoruba za Machi ziliwafungia hemani siku tisa, wakala. Hakuna aliyeugua tumbo. Nyasi zilipochipua, mfukoni mlikuwa mmebaki konzi nne. Chai ilikuwa nyeusi, na bado ni nyeusi. Handaa huamka saa ile ile ya kukamua, hukaa kitandani, hana pa kwenda.

Majira yote ya joto Gombo alichunga kondoo wa watu. Ujira wake ulikuwa mbuzi wawili. Oktoba theluji ikaanguka tena.

"Utachinja kesho?" mama yake aliuliza.

Gombo alichukua ndoo ya kukamulia, akaijaza maji, akaiweka nje kivulini. Adhuhuri ya siku ya pili alitoka kuitazama. Alitumbukiza kidole. Barafu ilikuwa imeyeyuka.

Alirudi ndani, akakiweka kisu mahali pake.