Kicheko cha Mama Chai

Kicheko kilitangulia mzaha. Hapo ndipo mambo yalipoanzia, na kama kungekuwa na mtu mwenye akili mle ndani siku ile, angezima mitambo, akafunga mlango, akaenda zake nyumbani.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, kwenye kituo cha redio, wakirekodi kipindi cha vichekesho. Kibogoyo, mwigizaji asiye na meno ya mbele ambaye kazi yake ni kuwa mlevi kila wiki, alikuwa ndiyo kwanza anasema mke wake alimuuliza swali mlangoni. Kabla hajasema aliulizwa nini, spika zikacheka. Kilikuwa kile kile kicheko cha siku zote, kinene, cha mama aliyejishika mbavu, ila mzaha wenyewe ulikuwa bado mdomoni. Bi Mkwe, anayeigiza mama mkwe mkorofi, akageuka, na wote wawili wakamtazama fundi mitambo kupitia kioo. Binti yule alikuwa ameinua mikono yote miwili juu kama mwizi aliyefumaniwa. Hakugusa kitufe chochote.

Kisha ikaja harufu ya maziwa yaliyoungua. Bi Mkwe akauliza nani anapika, ingawa jiko la kituo lilifungwa miaka kumi iliyopita na chai siku hizi ililetwa kwa chupa kutoka nje.

Sasa nimtaje Mzee Mbavu, ingawa nikimtaja mate yananigeuka uchungu. Aliitwa hivyo kwa sababu aliwavunja watu mbavu. Yeye ndiye aliyetunga kipindi, akakiongoza, na mle ndani akajiona mfalme. Alikuwa na wimbo wake mmoja asiouchoka. "Hadithi ni pembea, binti," angemwambia yule binti wa mitambo, tuliyemwita Fundi tu. "Mpeleke msikilizaji kwenye kicheko, mrudishe gizani. Akiwa hewani, hapo umempata." Hakuwahi kusema nani anaisukuma hiyo pembea, wala nani anadondoka.

Kipindi kilirekodiwa kwenye chumba kilichofungwa, bila watazamaji, kwa hiyo kicheko kilitoka kwenye kanda. Fundi alibonyeza kitufe, kanda ikacheka sekunde saba, na watu majumbani wakacheka nayo. Kicheko kile kilikuwa cha Mama Chai, aliyewachemshia chai wafanyakazi kwenye jiko dogo la mwisho wa ukumbi, enzi hizo. Na Mama Chai ndiye mama yake Fundi.

Mama Chai alikuwa na jambo lake moja, na kituo kizima walilijua na kumtania nalo. Akishtuka, hucheka kwanza. Siku mumewe alipofariki alicheka mpaka majirani wakashika vichwa, halafu ndipo kilio kikafuata, na kilipokuja kilikuja chote, akalia akamaliza. Lakini mwanawe mdogo alipogongwa na lori akitoka shule, hakuna aliyemwona akicheka wala akilia. Alisimama kaburini mkavu. Ndugu wakasema ana moyo wa jiwe, na ndugu wa namna hiyo nawaachia Mungu. Tangu siku hiyo, miaka kumi, Mama Chai alipika, alikunja nguo, aliitikia akiitwa, na basi. Uso wake ulikuwa kama nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Fundi wakati huo alikuwa na miaka kumi na minne. Alipokua akajifunza mitambo kwa sababu moja tu, ambayo hakumwambia mtu. Kila asubuhi, kabla wenzake hawajafika, alivaa visikizio akamsikiliza mama yake akicheka. Aliamini kilirekodiwa siku njema, kabla ya msiba. Sekunde saba za mama aliyekuwa naye zamani. Hakuwa na kitu kingine cha kumkumbukia mama ambaye bado alikuwa hai.

Basi Jumatano kicheko kikaja tena bila kuitwa, safari hii Bi Mkwe akieleza kwa huzuni kwamba mtoto anaumwa. Mashine ilionyesha sekunde saba, lakini saa ya ukutani ilihesabu nane. Alhamisi zikawa kumi na moja. Na kule mwisho, kwenye zile sekunde ambazo hazikuwepo, kicheko kilianza kupinda, kikapanda mahali ambapo kicheko hakipandi, kisha kikakatika ghafla. Kibogoyo akatangaza kwamba haingii tena studio bila kushikwa mkono. Bi Mkwe akasema atamshika, lakini kwanza akaoge.

Fundi akamwomba Mzee Mbavu kicheko kile kipumzishwe, watafute kingine. Mzee hakutaka kusikia. Jumamosi ilikuwa sherehe ya miaka kumi ya kipindi, kinakwenda hewani moja kwa moja saa kumi jioni, na kicheko kilikuwa ndiyo roho ya kipindi. Badala yake akamleta mganga.

Mganga alifika Ijumaa saa tano na mkoba mkubwa, kofia kubwa zaidi, na viatu vipya vilivyolia kwi kwi kwenye sakafu. Akauliza kama ataonyeshwa kwenye televisheni. Alipoambiwa hii ni redio alisikitika kidogo, lakini akafukiza ubani, akapiga fimbo chini, akaliamuru jini litaje jina lake. Spika zikakaa kimya. Akaamuru tena, kwa sauti ya kuwafurahisha wasikilizaji ambao hawakuwepo. Kibogoyo, ambaye woga ulikuwa umempandisha mzaha, akamnong'oneza Bi Mkwe kwamba labda jini limekwenda kunywa chai.

Ndipo ubani ukazimika wenyewe na maziwa yakaungua. Harufu ilijaa kooni, na spika zikacheka taratibu, karibu kabisa, kama mtu anayekuchekea sikioni, na kipaza sauti cha katikati kikageuza kichwa chake kikamtazama mganga. Mguu niponye! Mganga alipita mlangoni akiwa na kiatu kimoja. Kibogoyo alicheka, akajiziba mdomo, akacheka tena, huku machozi ya woga yanamtoka.

Fundi alimkuta mganga nje, getini, amekaa juu ya tofali. Hakuwa na maringo tena. Alisema maneno machache, na nadhani ndiyo maneno ya kweli pekee aliyowahi kuwauzia watu.

"Lile halikutumwa, mwanangu. Kuna kilio kimefungiwa mle ndani kikiwa nusu. Jini huhamia panapoachwa wazi. La kuvunda halina ubani. Mfungulieni mwenyewe amalize."

Fundi akarudi ndani, akachukua ufunguo wa stoo ya kanda.

Stoo ilikuwa nyuma ya lile jiko la zamani. Ilikuwa mchana, jua kali nje, lakini mle ndani hapakuwa na dirisha, na taa ilikuwa moja. Alilipata boksi la kanda ya asili ya kile kicheko kwenye rafu ya juu. Juu yake, kwa mwandiko wa Mzee Mbavu, iliandikwa KICHEKO, na chini yake KATA HAPA, pamoja na alama ya kalamu nyeupe kwenye kanda yenyewe. Baada ya alama ile kanda iliendelea, nene kuliko kabla yake. Akaiweka kwenye mashine iliyokuwepo, akavaa visikizio, akabonyeza.

Kwanza alisikia mlango, kisha vikombe vikigongana kwenye sinia, kisha sauti ya Mzee Mbavu, ya kijana zaidi, ikisema kwa upole mtupu, "Mama Chai, weka sinia. Sogea hapa kwenye kipaza sauti kwanza, nina habari za mtoto," na mama yake akaitikia bee, kwa sauti ambayo Fundi alikuwa ameisahau, sauti ya mtu ambaye bado ana watoto wawili, na Mzee akamwambia, akataja lori, akataja barabara, akamaliza, na kikafuata kimya ambamo zilisikika pumzi za mama yake, moja, mbili, halafu kicheko, kile kile, zile sekunde saba zake za kila asubuhi, alizozivaa masikioni kama dawa miaka yote hii, na Fundi alitaka kuvua visikizio lakini mikono ilikuwa imekufa, na harufu ya maziwa ikaingia kutoka kwenye lile jiko ambalo halikuwa na moto, yale maziwa ambayo mama aliyaacha jikoni siku ile yachemke yamwagike yaungue, na kicheko kikapita alama nyeupe, kikapinda, kikaanza kuwa kilio, na nyuma ya shingo yake kitu kilivuta pumzi pamoja na mama yake, kwa mpigo ule ule, kana kwamba kimekaa pale miaka kumi kikisubiri afike hapo.

Alibonyeza kitufe cha kuzima. Alikaa sakafuni muda mrefu. Alipoinuka hakuwa na woga hata chembe. Alikuwa na hasira, na hasira ile ilimnyoosha mgongo.

Alimkuta Mzee Mbavu ofisini, anasahihisha mchezo wa Jumamosi. Fundi aliusoma juu chini kutoka upande wake wa meza. Ulikuwa mchezo wa mazishi. Mama mmoja anacheka kwenye kaburi la mwanawe.

"Mzee," akasema, "uliwasha kipaza sauti kabla hujamwambia?"

Mzee aliliona boksi mikononi mwake. Nilitegemea angalau angeona haya. Aliweka kalamu chini, akaeleza kama anavyoeleza pembea yake. Kwamba siku mbili nzima alimbembeleza yule mama acheke, na kila alipojaribu kilitoka kicheko kikavu. Kwamba simu ya msiba aliipokea yeye, na alijua yule mama akishtuka anaanzaje.

"Kwa vyovyote angeambiwa, binti. Mimi nilichagua chumba tu."

Alisema hivyo. Nilichagua chumba tu. Mtu mzima, mwenye mama yake mzazi aliye hai, anayemnyooshea kola kila Jumapili. Fundi akamuuliza kilio kilikwenda wapi. Mzee akasema kilimharibia kanda, hivyo alimwambia mama apunguze sauti, kuna watu wanafanya kazi, na mama akatii. Akanyamaza. Mkuki kwa nguruwe, jamani.

Fundi hakumtukana. Alisema, "Sawa, Mzee. Jumamosi," akatoka.

Jumamosi saa kumi kamili kipindi kikaingia hewani. Mzee Mbavu mwenyewe aliigiza mchimba kaburi, na sikatai, alikuwa hodari. Nchi nzima ilicheka. Fundi alikuwa peke yake kwenye chumba cha mitambo, mlango ameufunga kwa ndani, na ufunguo ameutia mfukoni. Nyumbani Mama Chai alikuwa jikoni na redio yake, maana kila Jumamosi aliisikiliza kazi ya bintiye, uso ule ule.

Mchezo ukafika kaburini. Mzee akanyoosha kidole kwenye kioo, ishara ya kicheko. Fundi akabonyeza kanda nzima.

Nchi ikasikia vikombe kwenye sinia. Ikasikia Mama Chai akiambiwa aweke sinia, na nani anamwambia, na kwa upole gani. Kibogoyo akaivua kofia yake ya ulevi. Kicheko kikaja, watu majumbani wakacheka kwa mazoea, kikapita alama nyeupe, na Mzee Mbavu akarukia kioo akikigonga kwa ngumi zote mbili, "Kata! Kata hapo! Kata!" na vipaza sauti vyote vikiwa wazi. Hakikukatwa. Kilisikika kilio cha mama kuanzia mwanzo wake, kikapita pale aliponyamazishwa, kikapita mwisho wa kanda yenyewe, kanda imeisha na gurudumu linazunguka tupu na bado analia, taa zinafifia, kioo kinatetemeka, moshi wa maziwa umetanda mpaka darini, halafu kikashuka, kikawa kwikwi, kikaisha. Harufu ikaondoka kama mlango umefunguliwa.

Mzee Mbavu akasogelea kipaza sauti kuwaomba radhi wasikilizaji. Akafungua kinywa. Kikatoka kicheko cha mwanamke, kinene, sekunde saba. Akajiziba mdomo kwa viganja. Alipoviondoa, kikatoka tena.

Fundi alikimbia nyumbani. Alimkuta mama yake sakafuni jikoni, majirani wawili wamemshika, analia mpaka mwili wote unatikisika. Akakaa nyuma yake akamkumbatia. Jua lilikuwa linakaribia kuzama Mama Chai alipoinua uso uliovimba, uso wa mtu, akasema, "Mwanangu, nimeacha maziwa jikoni."

"Nimeyaepua, mama."

Miezi miwili baadaye mama yake Mzee Mbavu akafariki. Fundi hakutaka kwenda. Mama Chai akavaa, akasema watakwenda, na mimi hapo ningemshika mkono nimrudishe, lakini nani ananisikiliza. Kaburini, jeneza liliposhushwa, Mzee Mbavu akafungua kinywa na kicheko kile kikatoka, sekunde saba, tena, na tena. Macho yake yalikuwa yanaomba. Ndugu wakamkamata wamtoe, wengine wakimpiga makofi ya mgongo, wengine, aibu iliyoje, wakianza kucheka nao, maana kicheko kile kinaambukiza.

Mama Chai akapenya katikati yao, akasimama kando yake.

"Mwacheni," akasema. "Huwa kinaanza hivyo. Kilio kinakuja."

Wakamwacha. Wakasubiri wote, na udongo ukaanza kumwagwa. Mzee akacheka mpaka kaburi likajaa, akacheka mpaka watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na Mama Chai bado amesimama naye, ameegemeza kichwa upande mmoja, anatega sikio kilio kije. Hakikuja. Fundi ndiye aliyeisikia kwanza ile harufu, maziwa yanaanza kushika chini, ikitoka kinywani mwa Mzee Mbavu.